Hesabu ya miche pekee haitaokoa misitu yetu

NI wakazi wachache wa Eldoret wanaomfahamu ndege mdogo wa kifua cha kahawia anayeishi vichakani, karibu na ardhi, katika misitu ya Nandi na Kakamega, kusini-magharibi mwa jiji lao. Wanasayansi humwita Chamaetylas poliocephala.

Hata hivyo, maisha ya ndege huyu yana funzo kubwa katika mjadala wa misitu nchini.

Ndege huyu hufuata misafara ya siafu. Siafu wanapopita, mende, panzi na buibui hutimka kutoka chini ya majani yaliyooza, naye huwadaka. Siafu hao wa msituni huhitaji kivuli na unyevu, navyo huletwa na miti ya kiasili ya vimo mbalimbali. Kiungo kimoja kikiondolewa, mnyororo wote hukatika.

Mnamo Julai 2023, Rais William Ruto aliondoa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa Februari 2018, akisema miti iliyokomaa ilikuwa ikioza huku vijana wakikosa kazi. Kwa Eldoret, ambako mbao na nguzo za stima huwapa wengi riziki, hoja hiyo ina mashiko. Isitoshe, miti iliyolengwa ni ile iliyopandwa ili ivunwe, wala si makao ya ndege huyu.

Tatizo liko kwingine. Serikali imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032 ili asilimia 30 ya nchi iwe na miti. Lengo hilo ni jema, lakini katika hesabu hiyo mkaratusi mmoja ni sawa na mti wa kiasili uliochukua miaka mia moja kukua. Taifa laweza kutimiza idadi hiyo huku likiendelea kupoteza misitu.

Misitu ya Nandi na Kakamega iliwahi kuungana. Leo imetenganishwa na mashamba na makazi, na ndege wa vichakani hukwepa maeneo ya wazi. Hata mashamba ya chai ya Nyayo, yaliyoanzishwa 1986 kuzuia uvamizi wa misitu, yalitanguliwa na kufyekwa kwa sehemu za misitu hiyo.

Basi, Shirika la Huduma za Misitu lapaswa kuwaeleza wananchi kila mwaka ukubwa wa msitu wa kiasili uliosalia, kando na mashamba ya misonobari na mikaratusi. Vyama vya kijamii vya misitu, vinavyotambuliwa na sheria ya 2016, navyo viwezeshwe kulinda maeneo yaliyoharibiwa ili yachipuke yenyewe.

Msitu unaomlisha ndege huyu ndio unaohifadhi maji ya mto Yala hadi Ziwa Viktoria. Siku atakapotoweka, kiangazi kitakuwa kimeanza kubisha hodi kwetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.