Mkasa huo ni wa nani, wako au wa mwanao?

Chukulia mama mmoja anayeuza chakula njia panda ya Nanganga, pale magari ya Masasi yanapoachana na yale yanayopanda Ruangwa. Asubuhi chai na maandazi, mchana wali, maharage na samaki wa kukaanga. Mume yuko shambani, ni Agosti, watu wanapuliza dawa mikorosho, na kurudi kwake ni Jumamosi. Mama yake mzazi yuko Nachingwea. Watoto ni watatu, na wa kwanza ni binti wa miaka 13 aliye darasa la saba, mtihani wa taifa ni mwezi ujao.

Mama huyu ana kundi lake la WhatsApp. Walianza wanane, wote wana watoto darasa moja, wakaongezeka mpaka 60 na ushee. Wapo wa Nanganga, wa Ndanda, wa Ruangwa mjini, na wawili waliohamia Dar es Salaam wakakataa kujitoa. Humo husimuliwa kila kitu. Yupo aliyeunguza sufuria ya maharage huku anachati. Yupo aliyemrudishia mteja chenji ya elfu kumi badala ya elfu moja, na mteja akashukuru haraka haraka akapanda basi. Anayetaka kujenga choo anauliza bei ya saruji, na kijumbe wa upatu anakumbusha zamu ni ya nani. Kabla ya kulala mtu amecheka mara tatu, na bando limeisha.

Wapo wanaosema makundi haya ni umbea mtupu. Huenda hawajawahi kungoja mtu aliye safarini. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi yakakwama na abiria wake. Ukiwa na ndugu ndani ya basi na simu yake imezima chaji, unachohitaji ni mwenzako mmoja kundini mwenye shemeji kwenye foleni ile ile, aandike: "Wapo salama, wamepata uji." Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kusuasua nchini, na ujumbe ukibaki na tiki moja mtu alijua jinsi alivyozoea kuegemea watu ambao wengine hajawahi hata kuwaona uso kwa uso.

Kwa hiyo kundi lina kazi yake. Zamani kazi hiyo ilifanyika kisimani, au uani watu wakisukana nywele. Tofauti ni moja tu, na ndiyo inayoumiza. Kisimani ulimwona aliyesimama nyuma yako na ndoo. Akiwa mtoto, ulishusha sauti, au ulimwambia, "Hebu nenda kacheze." Kwenye simu humwoni aliye nyuma.

Alhamisi moja binti yule anarudi nyumbani mapema, sweta la mwalimu limefungwa kiunoni. Amevunja ungo akiwa darasani. Sketi imechafuka, mwalimu wa kike amemtoa nje kwa busara, akampa taulo ya kike na hilo sweta, akamwambia aende kwa mama. Darasani karibu hakuna aliyetambua. Mama anamwogesha, anamwelekeza, anampa kanga safi, anamlaza. Kisha anarudi jikoni, kwa maana basi la saa nane linakaribia na wali haujaiva.

Pale jikoni yuko peke yake na jambo kubwa. Amefurahi, ameogopa, na hana wa kumwambia. Mume shambani hakuna mtandao. Mama yake Nachingwea ana kitochi ambacho hupatikana jioni. Mkono mmoja una mwiko, mwingine una simu. Anabonyeza alama ya kipaza sauti, anasimulia kwa dakika mbili: jinsi mtoto alivyoingia akitembea kama bibi harusi, jinsi alivyodhani ameumia, jinsi sweta la mwalimu lilivyomfika magotini. Anamalizia kwa kicheko: "Basi jamani, mjiandae, mwezi wa kumi na mbili tunacheza mwali. Anayeshona sare aanze kupima watu."

Vikaja vigelegele, hongera, maua. Mmoja akauliza rangi ya kanga. Ulikuwa mchana mzuri.

Katika kundi lile yumo mama mwenye mtoto wa kiume darasa lile lile. Simu yake, kama simu za nyumba nyingi, ni moja kwa watu watano. Jioni kijana huichukua kucheza gemu. Akaona ujumbe wa sauti, akaubonyeza.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, kijana akamsogelea binti mbele ya wenzake akamuuliza, "Shughuli lini? Na sisi tushone sare?" Mpaka kengele ya kutoka, jina lake lilikuwa Mwezi wa Kumi na Mbili.

Jumanne binti akasema tumbo linauma. Jumatano likauma tena. Mama akadhani ni mambo ya mwezi, akampa chai ya tangawizi. Alhamisi mwalimu akapiga simu, kwani kipindi hicho wanafunzi wa darasa la saba wanarudia mitihani ya miaka iliyopita kila siku, na mtoto huyu si wa kukosa. Aliyefichua ni mdogo wake wa darasa la tatu, ambaye hakujua kama anafichua. Alikuwa anacheza uani akiimba jina lile kama wimbo.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" mama alimuuliza binti usiku ule.

"Ningekwambia ungesema kwenye simu."

Hapo hapana jibu. Mzazi anaweza kukasirika, anaweza kusema mtoto ana mdomo, lakini jibu hapana.

Kosa la mama huyu halikuwa kusimulia. Mtu akishikwa na jambo zito peke yake jikoni, lazima aliseme mahali. Na kwa desturi za kusini jambo hili lina njia yake tangu zamani. Habari ya mwali huanza kwa shangazi, bibi au somo, kwa sauti ya chini, tena mara nyingi si mama anayezungumza na mtoto wake. Ngoma na vigelegele huja baadaye, siku ya kutoka, mwali mwenyewe akiwa amepambwa na anajua kwa nini anashangiliwa. Mama yule aliirukia siku ya ngoma kabla ya siku ya kunong'ona. Mkasa ulikuwa wa mtu mwingine, na mpango pia. Mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili na hakuulizwa lolote.

Alipotaka kufuta, muda ulikuwa umepita. WhatsApp humruhusu mtu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na saa 12 hivi tangu autume. Hata angewahi, pale hubaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na hakuna kitu kinachoamsha watu kama hicho. Wenye maswali hawamngoji mwenyewe, wanaulizana pembeni.

Wazazi wengi hawajapiga hesabu hii: kundi la akina mama 60 si la watu 60. Kila simu ina watoto wawili watatu wanaoijua namba ya siri kuliko mwenye simu. Tangu 2023 WhatsApp ina namna ya kufungia mazungumzo fulani kwa alama ya kidole, hata mtoto akishika simu asiyaone. Inasaidia kwenye simu yako. Kwenye simu 59 nyingine huna kidole.

Serikali nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ndani yake taarifa za watoto zinahesabiwa miongoni mwa taarifa nyeti. Haikutungwa kumkamata mama wa njia panda mwenye mwiko mkononi. Lakini inafaa kujua kwamba kitu ambacho kampuni inatakiwa kukishika kwa uangalifu mkubwa, mzazi anakitoa bure kabla wali haujaiva.

Akina baba wasicheke. Makundi ya bodaboda na ya wakulima yana mikasa yake. Baba anaandika kundini kwamba pesa ya ufuta ikitoka anaezeka bati, na mke anaisikia habari hiyo kutoka kwa fundi aliyekuja kupima paa. Matapeli nao husoma. Aliyetangaza kwamba anangoja malipo asishangae akipata ujumbe wa kumtaka atume "ile hela" kwenye namba nyingine. (Namba ya tapeli huripotiwa kwa kuituma 15040.)

Turudi kwa binti. Katika nyumba nyingi mzazi hamwombi radhi mtoto, hununua soda. Mama huyu pia alinunua. Soda ilikaa mezani mpaka asubuhi, povu limeisha. Ijumaa jioni akakaa kwenye mkeka karibu naye, akasema, "Nimekosea, mwanangu. Lile lilikuwa lako, nikalitoa mimi. Nisamehe."

Binti hakujibu siku hiyo. Aliuliza tu, "Na bibi anajua?"

Bibi alikuwa hajui. Watu 60 walijua, na bibi hakujua.

Kumhusu yule mama mwingine, kishawishi kilikuwepo. Kumsuta mtu mbele ya kundi ni kazi ya dakika moja, na wengi wangepenga. Alimpigia simu.

"Dada, uniwie radhi sana," yule alisema alipoelewa. "Simu yangu analala nayo."

"Na mimi uniwie radhi, dada. Mwenye kusema ni mimi."

Kijana aliletwa jioni na mama yake, akaomba msamaha akiangalia ndala zake. Binti alimsikiliza, akaingia ndani bila neno, na hakuna aliyemlazimisha kusema yameisha.

Kundini kulikuwa na mabishano. Mama alieleza kwa kifupi, bila kurudia mkasa, akaomba mikasa ya watoto wakubwa isisimuliwe mpaka mtoto mwenyewe akubali. Mmoja akajibu, "Mtoto nimemzaa mimi, leo niombe ruhusa?" Akaungwa mkono na watano. Mwingine akauliza swali zuri zaidi: je, mtoto akishikwa na degedege usiku, naye aulizwe kwanza? Hapana. Anayetafuta gari la kwenda hospitali Ndanda saa saba usiku aandike kwa herufi kubwa. Anayetafuta ushauri kuhusu mwanawe anaweza kumpigia mmoja, anayemwamini, aliyewahi kupitia. Na kama ni jambo la mtoto kudhuriwa, kuguswa vibaya au kutishwa, kundi ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu aliyemdhuru anaweza kuwa na ndugu humo. Kwa hilo kuna Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, bila malipo, mbali na polisi na ustawi wa jamii.

Hawakukubaliana wote. Waliokubali ni wengi, waliokataa wamebaki humo humo, na wawili wa Dar es Salaam walikuwa wanauliza bado kama shughuli ipo.

Bibi alikuja Jumapili, akapita Ruangwa, na kuku mmoja amemfunga miguu kwenye kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Njoo huku uani, hawa wengine wana kazi zao."

Walikaa huko mpaka jua likaingia. Mama alisikia kicheko cha binti mara mbili, akajizuia asiende kusikiliza. Aliyoambiwa mtoto hajui mpaka leo. Jumatatu binti alivaa sare akaenda shule. Jina lile aliitwa tena siku mbili tatu, kisha kijana mwingine akaanguka kutoka kwenye mwembe wa shule na kupasua kaptula, wakahamia kwake.

Wiki ya pili asubuhi, mama akiwa na usingizi, alimimina chumvi kwenye chupa ya chai akidhani ni sukari. Dereva wa basi akanywa kikombe kizima bila kukunja uso, akalipa, akaondoka. Mteja wa pili ndiye aliyetema.

Binti alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hiyo wasimulie."

Mama akatafuta simu chini ya meza ya vyombo, akabonyeza, akaanza. Binti akamvuta kanga.

"Usisahau kusema yule dereva aliimaliza."