Rangi ya Timu ni ya Nani?

Huko Mkokoni, kijiji cha wavuvi kilichoko bara na kinachokabili kisiwa cha Kiwayuu, palizuka mabishano ambayo mgeni angeyaona kuwa ni ya kuchekesha. Hayakuwa juu ya nyavu, wala bei ya kamba, wala mipaka ya hifadhi ya bahari iliyowekwa pande zile mwaka 1979. Hayo watu wameyazoea. Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya nguo.

Timu ya mpira ya vijana wa kijiji huvaa buluu, na imevaa buluu tangu wazee wa leo walipokuwa wao ndio wachezaji. Basi ikaletewa fulana 14 mpya za manjano, pamoja na suruali zake fupi na soksi. Mtoaji alikuwa mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura. Mgongoni mwa kila fulana, juu ya namba, ilichapwa picha yake akitabasamu, na chini ya namba likaandikwa jina lake kwa herufi kubwa kuliko jina la kijiji lililokuwa kifuani.

Nahodha wa timu alizipokea kwa mikono miwili, na hapana wa kumlaumu. Zile za buluu zilikuwa zimepauka kwa jua na maji ya chumvi hata zikakaribia rangi ya majivu, na tatu kati yake zilikuwa na matundu yaliyoshonwa kwa uzi wa nyavu. Timu isiyokuwa na mavazi ya namna moja haikubaliwi katika mashindano. Kurudisha zawadi ilikuwa ni sawa na kukaa nje ya uwanja mwaka mzima.

Walakini washabiki hawakuulizwa, na jioni ile ile barazani walianza kusema.

Mzee mmoja, ambaye macho yake hayamwonyeshi tena sura za watu walio mbali, alilalamika kwamba sasa hataweza kutazama mpira. Yeye huketi penye kivuli mwisho wa uwanja, wala hajui nani amepiga na nani ameanguka. Anachokiona ni rangi zinazokwenda na kurudi. Buluu ikisogea kulia, moyo wake unasogea. "Mkinivika hawa manjano, mwanangu," alimwambia nahodha, "nitawashangilia maadui."

Naye alikuwa na haki, kwa maana timu ya kijiji cha pili, ambao ndio watani wao wakubwa, huvaa manjano.

Mama mmoja alileta hoja nyingine. Maji matamu upande ule hayapatikani kwa wingi. Watu wengi hutegemea visima, na mvua inayokingwa na kuwekwa katika majabia. Buluu huficha udongo na damu ya samaki; manjano hutangaza kila doa. Kisha akaongeza neno lililowavunja mbavu hata waliokuwa upande wa nahodha: kwamba yeye humfulia mumewe na wanawe, lakini bwana yule wa mgongoni na afuliwe na mkewe.

Vijana walijitetea. Walisema manjano ni rangi ya Brazili, na kwamba dunia nzima imebadilika, ila Mkokoni tu ndiko watu wanakong'ang'ania fulana za babu zao. Mzee mwingine akawajibu kwa mithali ambayo haifai kuandikwa yote gazetini, ile isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri mahali fulani pa mwili.

Mtu asidhani kwamba moto huu umewashwa na mpira wa siku hizi. Watu wa pwani walikuwa wakigombania mavazi ya pande zao kabla ya kujua goli ni nini. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 ngoma ya beni ilienea kutoka Lamu na Mombasa hata Tanganyika. Mombasa walikuwako Kingi na Skochi, na upande wa Tanganyika Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, tarumbeta zake na sare zake za kuiga askari au mabaharia, na watu walitumia fedha nyingi, pengine zaidi ya uwezo wao, ili upande wao usije ukaaibika mbele ya wapinzani. Lamu mjini nako watu wa Mkomani na watu wa Langoni walishindana kwa ngoma na kwa mashairi. Katika mambo hayo yote nguo ilikuwa ndiyo kiapo. Aliyevaa ya upande huu hakuthubutu kuonekana na ya upande ule.

Mpira ulipokuja uliyakuta mazoea hayo tayari, ukaketi juu yake. Dar es Salaam, Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka mmoja baadaye ikaanzishwa ile ambayo leo ni Simba. Hii ya pili imebadili majina kama mtu abadilivyo nyumba ya kupanga: iliitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland kwa kuifuata timu ya Uingereza ivaayo nyekundu na nyeupe, hata mwaka 1971 ikawa Simba. Jina la Kiingereza lilikwenda zake, lakini nyekundu na nyeupe zikabaki, na ukimwambia mshabiki wa Msimbazi kwamba avae kijani cha Yanga kwa siku moja tu atakuuliza kama una homa.

Yanga nao ni vivyo hivyo. Ligi Kuu ya Tanzania ilipokuwa ikidhaminiwa na kampuni ya simu ya Vodacom, ambayo nembo yake ni nyekundu, Yanga waliikataa nembo ile isikae juu ya jezi zao, ijapokuwa ilikuwa ni alama ndogo tu na ijapokuwa ilikuja pamoja na fedha. Wengi waliwacheka. Lakini waliocheka na wafikiri kidogo: ile kampuni ilikuwa imelipa kwa sababu watu wanaitazama Yanga, na watu wanaitazama Yanga kwa sababu ni ya kijani na manjano. Mtu akinunua kisima, je, atie chumvi ndani yake?

Nairobi pana mfano wa namna nyingine. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya iliachishwa jina hilo karibu na mwaka 1980, pale serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, nayo ikawa AFC Leopards. Jina liliweza kubadilishwa kwa amri. Buluu na nyeupe hazikuguswa, na washabiki waliendelea kuzifuata hadi uwanjani kana kwamba hapana lililotokea, wakiwatazama kwa jicho lile lile la zamani wenzao wa kijani wa Gor Mahia.

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya watu wasiokuwa na kazi. Wangekwenda Cardiff, mji mkuu wa Wales, wangejifunza. Timu ya mji ule ilivaa buluu zaidi ya miaka 100, hata jina lake la utani ni la ndege wa buluu. Tajiri mmoja wa Malaysia, Vincent Tan, alipoishika akaamua mwaka 2012 kuivika nyekundu, akiamini kwamba rangi hiyo ina bahati na itauzika Asia. Mwaka 2013 timu ilipanda daraja la juu kabisa la Uingereza, jambo ambalo washabiki walikuwa wameliombea miaka mingi. Hata hivyo wengi wao walikwenda uwanjani na skafu za buluu, wakaketi wakiishangilia timu yao na kuizomea fulana yake. Mwaka 2014 ikashuka. Januari mwaka 2015 yule tajiri akairudisha buluu. Fedha zake zilikuwa nyingi kuliko za mheshimiwa yeyote atafutaye kura, na bado hazikutosha kuununua moyo wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha bei rahisi.

Na vijana wa Mkokoni waliotaja Brazili yafaa waelezwe jinsi manjano ile ilivyopatikana, kwa kuwa haikutoka kwa mgombea. Brazili ilikuwa ikivaa nyeupe. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã, ilifungwa na Uruguay 2 kwa 1 na kulikosa Kombe la Dunia nyumbani kwake, na watu wakaichukia nyeupe ile kama sanda. Mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã likawaita wasomaji wake wachore mavazi mapya, kwa sharti kwamba rangi zote nne za bendera zitumike. Aliyeshinda, Aldyr Garcia Schlee, alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka mji wa Jaguarão ulioko mpakani na Uruguay, na ajabu ni kwamba katika mpira alikuwa mshabiki wa Uruguay hiyo hiyo. Fulana ya manjano yenye ukosi wa kijani, suruali ya buluu na soksi nyeupe zilianza kuvaliwa mwaka 1954. Watu waliombwa maoni yao, wakayatoa, na hapana aliyeinung'unikia.

Liko pia jambo la macho, ambalo yule mzee wa kivulini alilijua pasipo kusoma kanuni. Sheria za mpira zataka timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, na makipa watofautiane na wote pamoja na mwamuzi. Hata Brazili, katika fainali ya mwaka 1958 huko Sweden, iliiacha manjano yake kwa kuwa wenyeji nao walikuwa na manjano. Ikavaa buluu ikashinda 5 kwa 2. Kinyume chake ni Manchester United. Aprili mwaka 1996 ilikwenda kucheza na Southampton ikiwa na fulana za kijivu. Hata kufika mapumziko ilikuwa nyuma 3 kwa bure. Wakabadili nguo, wakarudi na buluu na nyeupe, wakapata goli moja, mchezo ukaisha 3 kwa 1. Mwalimu wao, Alex Ferguson, alisema kwamba wachezaji hawakuonana, maana kijivu kilichanganyika na watu waliojaa majukwaani. Wengine waliona ni kisingizio cha aliyefungwa, na huenda ni kweli. Lakini fulana zile hazikuvaliwa tena.

Tukirudi Mkokoni, kosa halikuwa kupokea zawadi. Vilabu vya vijijini ni maskini, mpira wenyewe ni ghali, na mtu akitoa nguo kwa vijana ametenda jema hata kama ana haja yake. Lililokosekana ni swali moja tu kabla ya fulana kukatwa: ninyi huvaa rangi gani? Swali hilo halina gharama, na kitambaa cha buluu hakizidi bei ya kile cha manjano. Mtoaji asiyeliuliza huwa amekuja kujivalisha mwenyewe kwa miili ya watu wengine. Nahodha naye alikuwa na ulimi, angaliweza kulitaja.

Siku ya kucheza na kijiji cha pili ilipofika, vijana hawakuwa na jingine la kuvaa. Wakazigeuza fulana ndani nje ili ile picha isionekane, na kwa kuwa wapinzani walikuwa na manjano yao, mwamuzi akawaamuru Mkokoni wafunge vitambaa vyeupe begani. Mchezo ulikwenda kama ulivyotazamiwa. Mara mbili mpira ulipigwa kwa mtu asiye wa kwao, na mara moja wawili wa timu moja walinyang'anyana hata wote wakaanguka, watazamaji wakacheka mpaka machozi. Sare bila magoli. Mzee wa kivulini aliondoka kabla ya mapumziko.

Baada ya hapo mchango ulipitishwa. Wavuvi walitoa kila mtu sehemu ya mauzo ya siku moja, wanawake wakaongeza chao, na mtu aliyekuwa akienda Mombasa akaagizwa fulana 14 za buluu zisizokuwa na maandishi yoyote. Kwa namba alitafutwa fundi yule yule anayeandika majina ya mashua. Aliziandika kwa brashi na rangi yake ya chombo, nene na nyeupe, kwa mkono mzuri wenye mikia ya kupinda kama aandikavyo omoni. Zilipokauka zilikuwa ngumu kama ubao, na mchezaji wa namba 8, ambaye amepata rangi nyingi kuliko wenzake, husema akiinama huhisi amebeba mlango.

Zile za manjano hazikutupwa. Wavuvi huzivaa wakitoka usiku, kwani huonekana kwa mbali chombo kikipata dhara.