AKIBA YA KOROSHO IJENGE NYUMBA

Kila msimu wa korosho fedha huingia Masasi na Newala, lakini baadhi yetu bado twakaa nyumba za kupanga. Fedha ipatikanayo mara moja kwa mwaka ni vigumu kuitunza mkononi hadi ipandishe kuta na kununua bati.

Tangu mwaka 2007 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, na malipo hupitia vyama vya msingi na benki. Hapo ndipo akiba ya nyumba yapasa kukatwa, kabla fedha haijamfikia mkulima.

Wako watakaoikumbuka Benki ya Nyumba, iliyofungwa mwaka 1995, wakasita. Hofu yao ina haki. Hata hivyo, Bodi ya Bima ya Amana sasa humkinga mwenye amana benki hadi shilingi 7,500,000. Kabla ya mwaka 2023 kiwango kilikuwa 1,500,000. Fedha ya kibubu haina kinga hiyo.

Basi twasema: Serikali na vyama vya ushirika wafungue akaunti ya nyumba ifuatayo msimu wa mkulima, si mshahara wa mwezi tu. Nasi, ndugu wananchi, tuanze kuweka. Haba na haba hujaza kibaba.