Kocha mkubwa wa basketi ya vyuo: tuhesabu makombe tu?

Kwa makombe, ubishi hauna nafasi: John Wooden alichukua 10 akiwa UCLA, kati ya 1964 na 1975. John Thompson wa Georgetown alipata moja tu, mwaka 1984, akiwa kocha Mweusi wa kwanza kulitwaa kombe hilo la Marekani. Mimi namweka Thompson mbele. Mwana-Kongo Dikembe Mutombo alifika Georgetown 1987 kusomea udaktari. Thompson akamwingiza katika timu, na 1991 akatoka na diploma kabla ya kwenda NBA. Hospitali aliyojenga Kinshasa ilifunguliwa 2007. Hapa Kisangani, mzazi mwenye mtoto UNIKIS hatauliza kocha ana makombe mangapi. Atauliza kama mtoto atamaliza masomo.