Kabla hujanunua kijibwa cha manyoya

Wadau, kuna hii fasheni ya vijibwa vya kubeba mkononi: Chihuahua, Pomeranian, Maltese. Sawa, vinapendeza. Ila swali langu ni moja: unaishi wapi, na unaishi na nani?

Wengi wetu huku Temeke na Kinondoni tumepanga. Ua mmoja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Jirani yako ni Muislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi hapa pwani. Mbwa akilamba chombo chake, itabidi akioshe mara saba, moja kwa udongo. Na ndoo zenu zote zimepangwa hapo bombani. Umemuuliza?

Halafu joto. Pomeranian ana manyoya ya tabaka mbili. Februari ya Dar, chumba hakina dari, umeme umekatika: hayo ni mateso. Chihuahua mwenye manyoya mafupi ana nafuu, lakini uzito wake haufiki hata kilo 3. Watoto wa uani wakimdondosha, mguu umevunjika.

Tena udogo haumkingi na kichaa cha mbwa. Chanjo ni kila mwaka, maana kwa binadamu dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Vijibwa hivi huweza kuishi miaka 12 na zaidi. Wewe kodi umelipa ya miezi sita. Mimi nasema, kama ua si wako peke yako, waulize kwanza mnaoishi nao. Wakikataa, acha.

Mnasemaje wadau?