Usimwambie Kuli Apumzike

"Apumzike. Asibebe vitu vizito." Ndivyo kilivyosema kikaratasi alichorudi nacho mjomba wangu kutoka hospitali moja ya hapa mjini, pamoja na vidonge vya maumivu vya siku tano. Mjomba ni kuli Kariakoo. Ana miaka kumi na tisa akishusha marobota ya mitumba na magunia ya viazi. Alinisomea kikaratasi kile kwa sauti, akacheka, kisha akashika ukuta, maana hata kucheka kunamuuma.

Mimi sikucheka. Nataka kubishana na kikaratasi hicho, na yeyote anayeamini kwamba kinatosha.

Nianze na mgongo wangu. Mwaka jana nao uliuma, na sababu yake ni ya aibu ukiilinganisha na ya mjomba: kiti. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili saa tisa kwa siku. Maumivu yakaanza kiunoni, mwezi wa tatu ukapita yakiwa palepale. Nilikuwa na bima, nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia Upanga, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Nilidhani atanichua. Badala yake aliniambia nisimame na kuketi mara kumi, nilale chali nikunje magoti na kunyanyua kiuno, kisha nitembee dakika ishirini kila siku. Wiki ya kwanza niliona nimedhulumiwa. Wiki ya nne akanipa nusu ndoo ya maji niinyanyue. Wiki ya sita, ndoo nzima.

Alinieleza hivi: maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi hapo hayaleti tena habari ya jeraha jipya. Mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele, kama mbwa wa mlinzi anayewabwekea hata wenye nyumba. Kulala kitandani hakumtulizi mbwa huyo. Hutulia kwa kuzoeshwa: mzigo kidogo leo, kidogo zaidi kesho.

Kumbe tiba ya mgongo ni kufundishwa kubeba! Kama kuna mtu katika jiji hili aliyestahili somo hilo kabla yangu, ni kuli. Mimi wa kiti nikafundishwa kunyanyua ndoo. Yeye wa gunia akaambiwa apumzike.

Wala si jambo la kubahatisha. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Linashauri mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na halishauri mikanda ya kubana kiuno kama tiba ya kawaida. Sasa pita Mtaa wa Kongo asubuhi, magari yakishusha. Mjomba na wenzake wamejifunga mikanda mipana, na mfukoni wana diklofenaki ya duka la dawa. Vidonge hivyo husaidia kwa muda mfupi. Ukivimeza kila siku kwa miaka, vinaweza kuumiza tumbo na figo. Jioni ni kuchuliwa kwa dawa ya moto moto, kesho ni vilevile.

Nimesikia jibu la wasomi wenzangu: "Makuli wanapenda vidonge, mazoezi hawayawezi." Anayesema hivyo hajapiga hesabu. Mjomba hulipwa kwa kila robota. Akiitwa kliniki saa nne asubuhi, mara mbili kwa wiki, saa hizo ndizo magari yanaposhushwa. Nauli yake, malipo yake yeye, na siku nzima imekwenda. Kidonge hakimwombi asubuhi yake. Huko si kupenda vidonge.

Inaniuma zaidi nikikumbuka jina la mahali penyewe. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa na kambi hapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile Afrika Mashariki. Nenda mjini kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927: aliye juu ni askari na bunduki yake, wapagazi wanatajwa chini, kwenye maandishi. Soko zima limebeba jina la watu wa mizigo, na hatujawahi kuuliza migongo yao inaendeleaje.

Sidai kwamba mazoezi yanaponya lumbesa. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na tunapopiga kelele kuhusu lumbesa huwa tunamtetea mkulima asipunjwe. Ni haki. Lakini tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Yaani hata gunia halali linakaribia mara mbili ya hapo. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na waajiri. Mwajiri wa mjomba ni nani, ikiwa kila robota lina mwenyewe?

Basi nataka mambo matatu. Gunia lipunguzwe uzito kwa ajili ya anayelibeba pia. Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa Bungeni mwaka 2023, imhesabie kuli wiki zake sita za mazoezi kama bima yangu ilivyonihesabia mimi. Na fiziotherapia ihamie sokoni: chumba kimoja Kariakoo, mikeka, ndoo, na mtaalamu anayefungua saa kumi jioni mizigo ikiisha. Tiba hii haihitaji mashine ya mabilioni. Inahitaji kuwa karibu, na kurudiwa.

Mimi si mtaalamu. Nilimuuliza mjomba kwanza dalili za hatari nilizofundishwa: miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo. Hana, angekuwa nazo ningemkimbiza hospitali. Tukatandika mkeka uani kwake Buguruni, nikamwonyesha mazoezi mawili. Alinung'unika, akayafanya. Bado anaumwa, na bado anabeba. Lakini baada ya wiki tano aliacha kuswali kwenye kiti. Anainama mwenyewe, anasujudu, anainuka.

"We msomi," akaniambia, "haya mambo yalikuwa wapi miaka yote?"

Nilimjibu kweli: Upanga, nusu saa kwa miguu kutoka pale anaposhushia.