MAONI: MTUNGI WA GESI TUBADILISHIE HAPA HAPA KIJIJINI



Siku hizi maneno yamekuwa mengi pale barazani kwa duka letu la ushirika. Watu wanasema bei ya kubadilisha mtungi wa gesi ni ya kunyonyana. Eti Manyoni ni nafuu, eti kamati inakula. Mwingine amefika hata kusema heri duka liachane na gesi kabisa, libaki na chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia. Mimi nataka kusema kinyume, na nitasema wazi ili anayetaka kunijibu naye aandike, karatasi ipo na kalamu ipo. Ile bei ya juu kidogo tuilipe, na tuilipe hapa hapa. Lakini duka nalo lina deni kwetu, na deni hilo nitalitaja huko chini bila kuogopa mtu.

Kwanza tukumbushane mitungi hii imetufikiaje. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, shabaha yake ikifika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wakaleta mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei. Kila wilaya ilipangiwa mitungi 3,255. Unakwenda na kitambulisho chako cha NIDA, unalipa, unaondoka na mtungi umejaa pamoja na jiko lake la juu. Jambo zuri, na wengi wetu tuliondoka tunacheka.

Sasa ruzuku ile ilikuwa ya kuupata mtungi. Kuubadilisha ukiisha ni bei kamili, kila mara, maisha yote. Hapo ndipo kicheko kilipoishia. Zunguka nyumba kwa nyumba leo utaona mitungi mingapi imegeuka viti vya watoto, na mingine imewekewa sufuria juu kama meza. Mama yule yule aliyepigwa picha akipokea mtungi amerudi kwenye mafiga matatu. Tusimcheke. Pesa ya kubadilisha haikupatikana siku ile gesi ilipokata, na kuni zilikuwepo.

Kuna swali nimeulizwa mara tatu na vijana: mbona gesi ni yetu, ya Mtwara, na bado ni ghali? Swali ni zuri na jibu lake si gumu. Gesi ya Mnazi Bay kule Mtwara na ile ya Songo Songo ni aina nyingine. Ile inakwenda kwa bomba mpaka Dar es Salaam, na nyingi inachomwa kuzalisha umeme. Hii ya mitungini ni gesi inayogandamizwa mpaka ikawa maji, na sisi tunaiagiza kutoka nje. Inakuja kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, na inalipiwa kwa dola. Ikishashuka inawekwa kwenye matangi, inajazwa mitungini kwa mashine, inapandishwa lori, inapita Morogoro na Dodoma, inafika kwa wakala mjini, na wakala wa mjini ndiye anayetuuzia sisi. Kila mlango una mtu wake na mkono wake. Sisi tuko mlango wa mwisho.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalipigii hesabu. Ushike mtungi mtupu uone uzito wake. Ile mitungi midogo, chuma chake chenyewe mara nyingi kinapita zile kilo 6 za gesi iliyomo. Maana yake gari linapokwenda kubadilisha mitungi linabeba chuma kwenda, linabeba chuma na gesi kurudi. Nusu ya safari unalipia kubeba chuma kitupu. Sukari haiko hivyo. Gunia la sukari likifika limefika, hakuna mtu anayerudisha gunia tupu Manyoni ili apewe jingine.

Halafu kuna mtaji uliolala. Kila kampuni inajaza mitungi yake, na ndani ya kijiji hiki tuna mitungi ya rangi nne au tano. Duka likitaka kumhudumia kila mtu lazima liweke mitungi iliyojaa ya kila rangi. Hiyo ni pesa imesimama pale nyuma ya mlango wa nondo, inamngoja mtu ambaye hajulikani atakuja leo au mwezi ujao. Nyinyi mnaofuga mnaelewa: ni kama kununua mbuzi watano ukawafunga zizini, hawazai, hawakamuliwi, wanangoja mgeni.

Hapa niwape habari iliyonichekesha. Kijana mmoja wa kwetu alifanya kazi Nungwi, kule kaskazini mwa Unguja, kwenye duka la wapiga mbizi. Anasema wageni wale wanashuka chini ya bahari kutazama samaki wamebeba mgongoni mtungi wa chuma. Nikamwuliza ndani mna nini, oksijeni ya hospitali? Akasema hapana, ni hewa. Hewa hii hii tunayovuta bure hapa ukingoni mwa bonde! Mtungi wa lita 12 unashindiliwa hewa kiasi cha lita 2,400, na mtu anatoa pesa yake kujaziwa. Tukacheka sana. Lakini kijana akasema hakuna anayelipia hewa. Unalipia mashine ya kushindilia, mafuta yake, machujio yasiyopitisha hata harufu ya moshi, na fundi anayejua kwamba mtungi ukishindiliwa vibaya unaua. Akasema tena kwamba pale dukani kwao kujaza mitungi peke yake kulikuwa hakulipi. Duka lilisimama kwa mambo mengine, safari, mafunzo, miwani na mavazi ya kuzamia. Na walikuwepo wenyeji wanaoagiza vyombo vyote nje kwa bei nafuu, kisha wanakuja pale kujaziwa hewa tu, na hao hao ndio waliolalamika zaidi kuwa bei ya hewa ni kubwa.

Niliposikia hivyo nilinyamaza, maana niliona sura za watu ninaowafahamu. Sisi nasi tukipata pesa ya alizeti tunapanda gari, tunanunua Manyoni sukari, mafuta, betri, dawa za mifugo, na mtungi tunabadilishia huko huko. Kisha saa mbili usiku maharage yako jikoni hayajaiva, gesi imekata, tunamgongea muuza duka mlango. Akisema mtungi wa rangi yako umekwisha, tunamtukana kwamba duka la ushirika halina kitu. Litakuwaje na kitu?

Tupige hesabu kwa mfano, kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme mjini unaokoa shilingi 2,000. Nauli yako ya kwenda na kurudi ni kiasi gani? Ukimtuma bodaboda anataka kiasi gani? Na siku yako moja ya palizi ni bei gani? Anayekwenda mjini kwa shughuli zake nyingine namwelewa, mtungi umepanda tu juu ya safari. Anayesafiri kwa ajili ya mtungi anajidanganya. Na yule mzee asiye na wa kumtuma, au mama mwenye mtoto mgonjwa, hana hata hiyo hesabu ya kupiga. Kwake duka likiacha gesi, gesi imekwisha Kilimatinde. Atarudi porini, na sote tunajua kuni zilivyosogea mbali. Miaka ile mtu alikuwa anaokota nyuma ya nyumba. Sasa binti anatoka alfajiri anarudi jua la utosi.

Kijiji hiki kimewahi kuachwa. Wajerumani walijenga boma hapa, misafara ilipita hapa, jina la Kilimatinde lilikuwa kwenye ramani kubwa kubwa. Kisha reli ya kati ikapita Saranda na Manyoni, mwaka 1912 ikafika Tabora, na biashara na ofisi zikaifuata reli. Reli ile hatukuulizwa. Duka hili linatutegemea sisi.

Wapo watakaosema naturudisha enzi za kulazimishana. Wazee wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa na ikaamriwa kila kijiji kinunue kwenye duka lake. Mwaka ule ule vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Tuliona matokeo. Duka la kijiji bila mtu wa kushindana naye lilikuwa na rafu tupu, na muuzaji aliyekuuzia sabuni kwa kukuangalia usoni. Hata mimi sitaki hayo. Mtu abaki na hiari yake. Ndiyo maana nasema duka lina deni, maana mteja mwenye hiari lazima aone sababu ya kuja.

Deni la kwanza ni mizani. Kanuni za EWURA zinamtaka muuza gesi awe na mizani na ampimie mteja. Pale dukani mizani ya nafaka ipo, ya mitungi haionekani. Kila mtungi umegongwa shingoni uzito wake mtupu. Ukisoma 7.4, ongeza 6, mizani lazima iseme 13.4. Ikisema 12 umeibiwa, iwe na huyu wa kwetu au na aliyemuuzia yeye. Kuutikisa mtungi hakusaidii, na kuubeba kwa mkono kunamdanganya hata fundi. Lakiri ya plastiki pale juu nayo iwe nzima. Wapo huko mijini wanaonyonya gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, na huo ni wizi na ni hatari ya moto. Bei ya juu naweza kuivumilia. Bei ya juu kwa gesi pungufu, hapana, na nikiona hivyo nitakuwa wa kwanza kwenda Manyoni kwa miguu.

Deni la pili ni ukweli wa bei. Kamati ibandike hapa hapa ukutani: tumenunua kwa wakala kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, ushuru na kupakia kiasi hiki, faida ya chama kiasi hiki. Mistari minne tu. Mtu akiona faida ni shilingi mia chache atanyamaza. Akiona ni elfu kadhaa atauliza mkutanoni, na ana haki. Maneno ya barazani yanaota mahali pasipo na karatasi.

Na deni la tatu, hili litawaudhi baadhi. Mitungi inayotoka kwa mkopo. Sisemi jina, lakini daftari linasema. Mtaji wa mitungi uko mikononi mwa watu wachache waliobeba mtungi umejaa wakasema nitalipa mwezi ukiandama. Miezi imeandama mingi. Ndiyo maana rangi fulani haipatikani kwa wiki nzima. Mkopo wa gesi ukomeshwe kwa wote, kuanzia kwa wajumbe wa kamati wenyewe na ndugu zao. Anayeshindwa kulipa kwa mkupuo awekewe akiba pale dukani, alete 1,000 au 2,000 kila juma, ziandikwe, na siku gesi ikikata pesa yake iko tayari. Hivyo ndivyo mtungi utakavyoacha kuwa kiti.

Kwa upande wetu sisi wanunuzi nina pendekezo moja. Tuwe na siku moja ya mitungi kwa mwezi. Tuseme gari la kukodi ni 20,000, mfano tu. Likibeba mitungi 10, kila mtungi umebeba 2,000 ya usafiri. Likibeba 40, kila mmoja umebeba 500. Gari ni lile lile, dereva yule yule. Tofauti ya Manyoni na hapa ambayo tunaipigia kelele, sehemu kubwa imo humo kwenye gari linalokwenda nusu tupu. Anayetaka kubadilisha ajiandikishe mapema, aseme rangi ya mtungi wake, alete mtupu na pesa. Duka halilazi mtaji, na bei inashuka bila kumwonea mtu.

Kujua gesi imebaki kiasi gani ili ujiandikishe kwa wakati si kazi. Mwagia maji ya moto kidogo ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Na wakati wa kuusafirisha mtungi usimame, usilazwe juu ya bodaboda. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango na usiguse kiberiti wala swichi.

Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu wa duka. Hadi naandika haya lina majina sita. Gari haliwezi kwenda kwa majina sita.